Masta ya Mukami na Pesa za Wazee

Dada yangu Mukami ana masta ya utawala wa umma, na kijijini kwetu, kule chini ya Siakago, hakuna mtu anayeniamini nikisema kwamba hakumpendelea mtu. Nimesema mara nyingi. Nimesema nje ya kanisa baada ya ibada, nimesema kwenye matanga, nimewaambia hata wateja wangu hapa Karurumo, ninakouza mbegu na dawa za mimea. Wananisikiliza kwa adabu, wananitazama kwa ile huruma anayotazamwa nayo mtu anayemtetea ndugu yake, kisha wananiuliza bei ya mbolea. Basi nimeamua kuandika. Karatasi haitaniuliza bei ya mbolea.

Mukami ndiye kitinda mimba wetu. Baba alifariki yeye akiwa darasa la nne, na mama yetu, Wanjugu, akamlea kwa kuuza ndengu na muguka, yale majani ya kutafuna, katika shamba ambalo mvua hulipita tu ikienda kunyesha kwa wengine huku juu. Alisoma kwa shida akapata digrii, na ugatuzi ulipokuja akaajiriwa na kaunti, msaidizi katika ofisi ya msimamizi wa wadi. Kazi yake ilikuwa kuita mikutano, kuandika maoni ya wananchi kuhusu bajeti, na kupokea malalamiko kuhusu mfereji wa maji ambao tangu ujengwe haujawahi kutoa maji.

Aliipenda kazi hiyo. Nasema hivi kwa sababu sijaona mwingine aliyeipenda. Wenzake waliitisha mkutano wa saa nne wakafika saa saba, wakagawa soda na mkate, wakapitisha karatasi ya kutia saini ya waliohudhuria, na kesho yake ikasomwa Embu, makao makuu ya kaunti, kwamba wananchi wameunga mkono mpango wote. Mukami alikuwa akifika mapema, anawauliza watu swali, halafu ananyamaza akingoja jibu. Wazee walimshangaa. Wengine walidhani bado hajaijua kazi.

Siku moja alikuja hapa dukani, akaketi juu ya gunia la mbolea, akaniambia, "Ireri, pale ofisini mimi ni wa kupika chai na kupanga viti. Nikiwa na masta watanipa wadi. Nikipewa wadi, watu wetu watajua mkutano ni nini."

Nikamwambia asome. Kwa nini nisimwambie? Matangazo ya kazi yenyewe yalisema wenye shahada ya uzamili watafikiriwa kwanza.

Akajiandikisha katika tawi la chuo kikuu kimoja mjini Meru, masomo ya wikendi na ya likizo. Alipanga chumba Kinoru, karibu na uwanja wa mpira, na sisi watu wa joto la Mbeere tukacheka sana kusikia kwamba analala na soksi na sweta. Siku za mechi hakuweza kusoma kwa kelele, na siku za mikutano ya siasa ilikuwa mbaya zaidi. Lakini alisoma. Alinipigia simu kunisomea maneno ya vitabuni: kwamba katika ofisi ya umma kila mtu ana mahali pake, kila jambo lina utaratibu wake, na hakuna kumtazama mtu usoni ukajiuliza ni shemeji wa nani. Nilicheka mpaka mteja akageuka. Yeye hakucheka.

Baada ya mitihani ikaja tasnifu. Alichagua kuandika jinsi wazee wa maeneo makavu wanavyoshirikishwa katika mipango ya kaunti, na akaamua kuwahoji wazee wa kwetu. Mwalimu aliyesimamia utafiti wake aliitwa Dkt. Kiambi, bwana mpole wa Meru anayevaa sweta chini ya koti. Sina ugomvi naye. Alifanya kazi yake vizuri, na hilo ndilo linalonikera, kwamba katika mambo haya yote sipati hata mtu mmoja wa kumshika shati.

Dkt. Kiambi alimwambia, "Mukami, kila mzee utakayemhoji lazima umsomee consent form. Aelewe ni research, si lazima, na hakuna kitu atapata. Halafu asaini. Bila hiyo, hiyo data yako ni takataka."

"Wengi hawajui kuandika, Daktari."

"Basi waweke kidole."

Ilikuwa sheria ya chuo, na ilikuwa sheria nzuri. Iliwekwa ili msomi asije akawachezea watu wasiojua kusoma. Mukami akanunua pedi ya wino mjini Meru, akaja nayo nyumbani.

Sasa lazima niwaeleze jambo ambalo Dkt. Kiambi hakulijua, na ambalo Mukami alilijua tangu utotoni ila halikumjia akilini, kwa sababu siku hiyo alikuwa upande ule mwingine wa meza. Kwetu mvua ikikosa, na hukosa, huja watu wenye karatasi. Wanakuuliza miaka yako. Wanakuuliza una watoto wangapi, mbuzi wangapi wamebaki, maji unayateka wapi, nyumba ni ya mabati au ya nyasi. Ukimaliza kujibu, unaweka kidole kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Halafu unakwenda nyumbani kungoja. Siku moja lori la mahindi na maharagwe linakuja, au haliji. Hiyo ndiyo serikali wazee wetu wanayoijua. Kwanza kidole, kisha kungoja.

Mukami aliwakusanya wazee katika darasa la chekechea lililo kando ya kanisa. Alikuwa amevaa kitambulisho cha kaunti shingoni, maana hakukumbuka kukivua. Akawauliza miaka yao. Akawauliza watoto, mbuzi, maji, mabati. Tasnifu ilitaka kujua hali ya wahojiwa kabla ya kuwauliza kuhusu mikutano na bajeti. Kisha akawasomea ile karatasi kwa Kimbeere, polepole, akairudia: kwamba haya ni masomo yake ya chuo, kwamba hakuna atakayelipwa, kwamba hakuna msaada wowote utakaotokana nayo.

Wazee wakatikisa vichwa. Walielewa vizuri sana. Watu wa msaada husema hivyo hivyo kila mwaka, ili wasiostahili wachoke waende zao. Hakuna aliyeondoka.

Mama alitangulia kuweka kidole, kwa kuwa aliyekaa mezani alikuwa wake. Akafuta wino kwenye leso, akaenda kuketi na wenzake, amejaa fahari. Jirani yetu, Mzee Nthiga, alipofikiwa aliuliza, "Na hii itachukua muda gani mpaka tuone kitu?"

"Labda mwaka, Mzee," Mukami akamjibu. "Nikimaliza nitakuja niwaelezee."

Nthiga akaridhika. Mwaka si mrefu kwa serikali.

Miezi ikapita. Mukami alipewa ruhusa ya kazini, akajifungia Kinoru kuandika. Ndipo serikali kuu ikaja kuandikisha wazee wote waliopita miaka sabini na wasio na pensheni, ili wawe wakipata pesa kidogo kila baada ya muda. Zilikuwa pesa za kweli, si maneno. Chifu wetu, Kathuri, alitangaza barazani na makanisani. Alitangaza kwa uaminifu, wala simlaumu. Alisema, "Wazee wote ambao hawajaandikwa waje na vitambulisho."

Ambao hawajaandikwa. Ng'ambo ya kijito wazee walitoka alfajiri wakapanga foleni, wengine wakiwa wamebebwa. Upande wetu walibaki shambani wakipalilia ndengu. Wao walikuwa wameshaandikwa, na Mukami wa Wanjugu, kwa wino. Kwenda tena kungekuwa tamaa, na tena wangewachukulia nafasi wenzao. Hebu fikiria. Walikaa nyumbani kwa heshima.

Yule Mukami ni mtu wa kaunti na pesa zile ni za Nairobi. Hilo unalijua wewe uliyesoma. Mama yangu hakuwahi kuambiwa kwamba serikali ziko mbili.

Mukami alisikia habari akiwa Meru, akampigia mama simu siku hiyo hiyo. "Maitu, watu wa pesa za wazee wamefika huko?"

"Wamefika."

"Umeandikwa?"

"Niliandikwa. Sote tuliandikwa. Wewe soma, usihangaike na sisi."

Nami nilipiga simu, nikaambiwa hayo hayo, nikarudi kuuza dawa. Ungesikia wewe mama yako akisema ameandikwa, ungeuliza nini tena?

Malipo yalipoanza, wazee wa ng'ambo walikwenda Siakago wakarudi na unga, sukari, na mashuka mapya. Wa kwetu walingoja. Walingoja mwezi huo na uliofuata, bila kelele, kwa sababu kungoja wanakujua. Hatimaye Mzee Nthiga akachukua fimbo yake akaenda kwa Chifu Kathuri. Chifu akatafuta jina lake, hakuliona. Akatafuta la Wanjugu, hakuliona. Akatafuta majina ya mteremko wetu wote.

"Wewe uliandikwa na nani, Mzee?"

"Na Mukami. Huyu wetu wa serikali."

Simu niliyopigiwa na Mukami baada ya hapo sitaki kuikumbuka. Alikuwa ametoka kuitetea tasnifu yake mbele ya maprofesa na kufaulu. Katika sura ya nne aliandika kwamba karibu wazee wote walioombwa kushiriki walikubali kwa hiari, jambo linaloonyesha mwamko mkubwa wa raia wa eneo hilo. Dkt. Kiambi aliisifu sana sehemu hiyo.

Alikwenda Siakago. Akaenda Embu. Akaandika barua, akazipeleka mwenyewe kwa mkono, akakaa kwenye mabenchi ya ofisi ambazo yeye mwenyewe amesomea jinsi zinavyopaswa kuendeshwa. Kila mahali walimpokea vizuri, wakamwita madam, wakamwonyesha kompyuta. "Madam, system imefungwa. Sisi hapa hatuwezi kuongeza jina. Mpaka Nairobi wafungue tena." Watafungua lini? Hakuna aliyejua. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyeomba kitu. Ilikuwa ofisi safi kabisa, kila mtu mahali pake na kila jambo kwa utaratibu wake, kama vitabuni.

Wakati huo mama alikuwa akimtetea kijijini. "Mtoto wangu alituandika," aliwaambia wenzake. "Serikali ndiyo inachelewa." Alisema kwa moyo wote, na wakamwamini.

Nilimwambia Mukami amweleze mama ukweli. Alinitazama kwa hasira. "Nimweleze nini? Kwamba nilimpaka wino kidoleni ili nipate cheti?"

Badala yake akafanya jambo nililomkataza waziwazi. Malipo ya wazee yalipotoka tena, alichukua kiasi kile kile katika mshahara wake, akamtumia mama kwa simu, akampigia akamwambia, "Maitu, zimefika." Basi. Alidhani ametuliza jambo. Masta nzima ya utawala, na hakuona kinachokuja. Nilimtukana siku hiyo, na sijutii.

Mama hakuweza kuficha furaha. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Aliimba kwanza, kisha akasema Mungu amemkumbuka na serikali imemkumbuka, nao waliobaki wasife moyo, zao ziko njiani. Wazee wa mteremko wetu walikaa pale wakamsikiliza. Waliwekewa wino pamoja naye, katika darasa moja, siku moja, kwenye pedi moja. Wakapiga hesabu yao, na mimi mwenyewe nisingepata jibu jingine. Mukami alimwandika mamake. Wao aliwapaka wino tu.

Nilitarajia matusi. Nilitarajia mama atengwe kwenye kikundi cha akina mama, watu wasije kumsaidia kuvuna. Haikuwa hivyo, na ingekuwa hivyo ningepata usingizi. Walianza kumheshimu Mukami. Waliomwita kwa jina wakaanza kumwita madam. Waliomwona kama msichana wa kuuliza maswali na kungoja majibu sasa walimwona mtu aliyeiva, mtu wa serikali kwelikweli, anayejua milango. Na alipopewa wadi mwaka uliofuata, wadi yetu hasa, hakuna aliyeshangaa. Sababu walikuwa nayo tayari.

Mkutano wake wa kwanza alifika mapema kama kawaida yake. Nilikwenda kumsikiliza. Mama hakuja, mguu ulikuwa unamsumbua. Mukami alisimama akawaeleza yote, bila kuzunguka: wino ulikuwa wa masomo, hakumwandika mtu yeyote popote, hata mama yake, na pesa anazopata mama zinatoka katika mshahara wake yeye. Akasema anaomba radhi. Kisha akanyamaza akingoja maswali.

Mzee Nthiga akainuka kwa fimbo yake.

"Madam, tumekusikia. Sisi hatuna kinyongo. Hata mimi ningekuwa kwenye kiti hicho ningemweka mamangu kwanza. Tunaomba tu, wakija tena, usitupite."

Watu wakapiga makofi. Walipiga makofi ya dhati, ya kumpongeza kiongozi aliyezungumza kwa hekima mbele ya watu wengi bila kujifunga. Bibi mmoja aliyekuwa karibu nami alimnong'oneza mwenzake kwamba msichana huyu amesoma, amelifunika jambo vizuri.

Wiki ile ile kuku wakaanza kuletwa. Waliachwa nyumbani kwake Siakago, wamefungwa miguu, bila jina, lakini siku ya pili mwenye kuku alipita ofisini "kusalimia tu". Mukami akawarudisha. Aliyerudishiwa kuku alielewa kwamba kuku ni mdogo, akaja na asali. Ikarudishwa asali, ikaja beberu. Alipoandika ilani akaibandika mlangoni kwamba ofisi haipokei zawadi, watu wakasoma wakatabasamu, wakaanza kupeleka kwa mama.

Ndipo akanipigia simu kunitaka tuende nyumbani pamoja. Tulimkuta mama ameketi mlangoni akipepeta ndengu, jogoo mgeni amefungwa kwenye mguu wa meza. Alifurahi kutuona. Akataka kuinuka atupikie uji, Mukami akamzuia, akaketi chini karibu naye na nguo zake za ofisi.

Akamweleza. Alianza na chuo, na Dkt. Kiambi, na ile karatasi ya kukubali, akaja kwenye siku ya foleni na ile simu aliyopiga kutoka Kinoru. Mama alisikiliza akiendelea kutoa mawe kwenye ungo. Mukami alikuwa akilia wazi kufikia hapo, na mimi nilikuwa nimeangalia pembeni.

"Kwa hivyo hizo pesa ninazopata si za serikali," mama akasema.

"Si za serikali, maitu. Ni zangu. Za mshahara."

"Na huko Nairobi hawana jina langu."

"Hawana. Hawajawahi kuwa nalo. Sikukuandika, maitu. Sikumwandika mtu."

Mama akaweka ungo chini. Alichungulia nje, akaangalia upande wa njia na upande wa kwa Nthiga, akahakikisha hakuna mtu. Akarudi akamshika Mukami mkono, akamfuta machozi kwa leso, akamsogelea sikioni.

"Hivyo hivyo, mwanangu," akamwambia taratibu. "Mtu yeyote akikuuliza, mjibu hivyo hivyo."